Tanaka Wawili, Korido Moja

Nimestaafu mwaka mmoja sasa na bado sijajua kukaa. Naamka kabla ya kengele, natandika kitanda, napika chai, nainywa nikiwa nimesimama kwenye dirisha la jikoni hapa Irving, Texas, nikitazama ndege zinavyoshuka uwanjani moja baada ya nyingine. Binti yangu akinikuta hivyo huniambia, "Mum, just sit, huna shift leo." Nakaa dakika mbili, nainuka, nafuta meza niliyokwisha kuifuta. Kwa hiyo nyinyi mnaoanza uuguzi mwaka huu, mlionifuata kule kanisani mkaniomba niandike chochote kuhusu kazi, msitegemee maandishi yaliyotulia. Kuna jambo moja nataka kuwaambia na nimekuwa nikilizunguka tangu juzi.

Nianze na viatu, maana ndivyo mnavyoniuliza kila mara. Nunua vilivyokuzidi kidogo, kwa sababu ikifika saa sita mchana miguu imevimba na kiatu kilichokutosha asubuhi kinakuwa adui. Beba kalamu mbili, maana moja ataichukua daktari na hutaiona tena. Ukimgeuza mgonjwa kitandani, kunja magoti kidogo, usiinamishe mgongo. Mgongo wangu huu, upande wa kushoto, unanikumbusha mzee mmoja wa kilo mia moja kila mvua inapokaribia. Na usiseme "leo kumetulia" ukiwa kazini. Mtacheka, lakini mtakuja kuniambia.

Mimi nilianzia Houston, pale Sharpstown, katika nyumba za ghorofa ambako ukifungua dirisha unasikia lugha sita na harufu za vitunguu vya nchi sita. Aliyenifundisha kazi alikuwa dada mmoja wa Tanga, Rehema, mwembamba, mkali, mwenye sauti ndogo ambayo hukutaka kuisikia mara mbili. Wiki yangu ya kwanza aliniagiza nikampime presha mgonjwa wa chumba cha mwisho. Nikaenda mbio, nikamkuta mtu mzima ameketi kitandani, nikamsalimu kwa heshima, nikamfunga kifaa mkononi, nikapima, nikaandika. Yule bwana akaniachia mkono wake. Nilipotoka nikakutana na mgonjwa mwenyewe akirudi kutoka bafuni. Niliyempima alikuwa fundi wa televisheni aliyeketi kidogo apumzishe magoti. Presha yake ilikuwa juu kweli, na baadaye alirudi kunishukuru, lakini Rehema hakuona cha kuchekesha. Alinishika kifundo cha mkono, akaniambia nisome kwanza utepe wa jina mkononi mwa mgonjwa, uso baadaye, na nimuulize mgonjwa jina lake kamili na tarehe yake ya kuzaliwa, kila siku, hata kama ni mama yangu mzazi.

Nikasema ndiyo, Dada. Nikaendelea kusema ndiyo kwa miaka, na kwa miaka nikafanya nusu.

Sababu mnaijua, maana nanyi mmelelewa hivyohivyo. Sisi hatuwaulizi wazee majina. Kwetu Mwea kulikuwa na jirani tuliyemwita Mama Kevin. Alinilisha, alinichapa, alinisuka nywele, na sikujua jina lake hadi siku nilipolisoma kwenye jeneza. Sasa mtu uliyelelewa hivyo, unaingiaje kwa mzee uliyemnyoa jana, ukamtazama machoni na kumwambia, haya, wewe ni nani na ulizaliwa lini? Mdomo unakataa. Unahisi unamwambia kwamba hajahesabika kichwani mwako. Kwa hiyo nilikuwa nikifanya hivi: kwa wagonjwa wapya nauliza vizuri kabisa, kama kitabu kinavyotaka. Lakini mgonjwa akishakuwa mzee wangu, akishakuwa Mzee au Mama, naacha. Naliita jina mwenyewe, yeye anaitikia, kazi inaendelea. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Ndipo nikahamia Plano, kwenye makao ya wazee, nikampata Mzee Tanaka.

Plano ina maofisi makubwa ya kila taifa, na Mzee Tanaka alikuwa ameletwa na mojawapo miaka mingi nyuma, akiwa mhandisi. Mke alifariki, magoti yakaisha, bintiye akamleta kwetu. Jina lake la kwanza silisemi, kazi yetu ina siri zake. Hilo la pili nalisema bila wasiwasi kwa sababu ni kama kusema Wanjiru. Simama mlangoni mwa kanisa letu uite Wanjiru, uone vichwa vingapi vitageuka. Mwenyewe alilifurahia hilo. Alinieleza kwamba maana yake ni katikati ya shamba la mpunga, na nilipomwambia kwamba nimezaliwa hasa katikati ya mashamba ya mpunga, akaniuliza tunapanda kwa mkono au kwa mashine. Tulizungumza mpunga hadi dawa zake zikachelewa.

Alikuwa na daftari la kijani ambalo ndani yake aliwakusanya akina Tanaka. Kurasa za mbele walikaa mashuhuri: viongozi wa serikali, wanasayansi, wachezaji wa besiboli, waimbaji, wachoraji, wacheza judo. Kurasa za nyuma walikaa wake mwenyewe: Tanaka aliyemfundisha hesabu, Tanaka daktari wa meno, Tanaka aliyemgongea gari barabarani kisha wakabadilishana karatasi za bima na kuanza kucheka wote wawili. Kila mmoja alipewa mstari mmoja tu, mkubwa kwa mdogo. Aliniambia kwamba ofisini kwake waliwahi kukaa watatu kwenye kikao kimoja, na hakuna aliyechanganyikiwa, maana kila mtu alitajwa pamoja na idara yake. Nikamuuliza yeye yuko ukurasa gani. Akasema mwenye daftari hajiandiki.

Nilimpenda yule mzee, nisiseme uongo. Alijifunza kusema "habari ya asubuhi" na aliitumia hata saa kumi jioni. Mimi akaniita Mama, kwa sababu ndivyo alivyomsikia Furaha akiniita. Furaha alikuwa msaidizi wetu, mwanamke wa Bukavu aliyeishi kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kufika Texas. Alianza kwenye maghala ya mizigo, akachoka na mashine, akaja kwa watu. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya nesi yeyote niliyemjua, na mdomo wake ulikuwa mzito. Aliongea pale tu palipokuwa na haja.

Naona nimeanza kukwepa. Mtasema haya yote ni ya kale, siku hizi kuna kifaa kinachosoma mistari ya utepe na kupiga kelele ukikosea. Najua, nimekitumia miaka yangu ya mwisho. Pia nimewaona nyinyi mkibonyeza "endelea" kelele ikianza, kwa sababu mna haraka na mgonjwa mnamjua. Hicho "mgonjwa namjua" ndicho ninachokizungumzia. Ngoja nirudi Plano.

Ijumaa moja kulikuwa na mazungumzo kwamba sukari ya Mzee Tanaka imepanda kidogo, akapimwe damu. Jumamosi na Jumapili nilikuwa nyumbani. Jumatatu asubuhi nilipoingia, mzee alikuwa ameketi wima akinisubiri, uso umechangamka, daftari magotini. Aliniambia kwamba amepata mpya. Mlango wa tatu kutoka kwake, korido hiyohiyo, ameletwa Tanaka mwingine, fundi wa piano aliyestaafu kutoka Houston, ambaye mwanawe anaishi Plano. Nikacheka, nikamwambia sasa mtatuchanganya. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwenye milango yao miwili walikuwa wamebandika karatasi ya njano yenye onyo kwamba majina yanafanana. Nikaiona. Nikasema moyoni, hiyo ni ya wageni wasiomjua mzee wangu.

Nikafungua kompyuta ya dawa. Tanaka wawili walikuwa mmoja juu ya mwingine, nikagusa wa chini. Ukurasa ukafunguka na nikaona insulini ya asubuhi, ile yenye dawa mbili ndani ya sindano moja: moja ya kufanya kazi haraka, nyingine ya kukaa mwilini hadi jioni. Sikushtuka. Nikajiambia majibu ya damu yametoka, daktari ameamua. Nikatayarisha, nikaingia, nikasema, "Mzee Tanaka." Akaitikia. Akainua shati. Aliniuliza kama hiyo ni dawa mpya, nikamwambia daktari ameagiza, akasema asante.

Kama ningemwambia anitajie jina lake kamili na siku aliyozaliwa, nikalinganisha na kilichoandikwa, ingechukua muda wa kukohoa. Ukurasa ule ulikuwa wa fundi wa piano.

Kabla saa nzima haijapita, Furaha akaja. Alikuwa ameenda na chai na mkate, akarudi na sinia ikiwa vilevile.

"Mama, kuya mbio," akasema. "Muzee iko anatoka jasho na iko anasema Kijapani tupu."

Nilimkuta amelowa, mikono inatetemeka, macho yananitazama na hayanioni. Nikamtoboa kidole. Sukari ilikuwa imeshuka mahali ambapo mtu hubaki na muda mfupi tu kabla hajazimia. Nikampaka sukari laini ndani ya shavu, Furaha akamshika kichwa, nikampa juisi kidogo kidogo alipoweza kumeza, mwenzangu akapiga simu ya ambulensi. Akaanza kurudi. Akamtaja mke wake. Kisha akanitambua, akajaribu kusema habari ya asubuhi.

Ambulensi ikafika. Nikakimbilia kompyuta nichapishe karatasi zake za kwenda hospitali, nikafungua jina lake, lile la juu, nikatafuta insulini. Haikuwepo. Nikafungua la chini, nikaikuta pale, na alama yangu kwamba nimeshaitoa.

Sikilizeni vizuri hapa. Kijana wa ambulensi aliniuliza kama mzee ana kisukari, kama anadungwa insulini. Nilikuwa na karatasi mkononi. Karatasi zilisema hapana. Nikampa.

"Kila kitu kiko humo," nikamwambia.

Wakamtoa. Dawa ya haraka tulikuwa tumeishinda kwa juisi. Ile nyingine, ya kukaa hadi jioni, ilikuwa bado mwilini mwake na ingemshusha tena, na kule alikokuwa anapelekwa hakuna aliyejua ipo. Wangemwona mzee wa miaka themanini na kitu aliyelegea kwa sababu hakula vizuri, wangemlaza, wangegeuka kumhudumia mwingine. Hayo niliyajua wakati ule ule, nikiwa nimesimama koridoni. Nilijua pia kuhusu leseni. Nilijua kwamba karatasi za uhamiaji za binti yangu wa mwisho, aliyekuwa bado Nairobi akisubiri kuja, zilikuwa zimesimama juu ya kazi yangu. Nikaingia choo cha wafanyakazi, nikafunga mlango kwa ndani.

Sitawaambia niliomba. Nilijaribu, maneno hayakuja. Nilifikiri jinsi ya kuandika kwamba kifungua kinywa kilichelewa. Nilikuwa tayari na sentensi mbili nzuri kabisa. Nikanawa mikono, nikanawa tena.

Furaha akagonga, akauliza kama niko bien, yaani mzima. Nikafungua. Nikamwambia yote, wima, kwa maneno machache, na nikamwambia pia kwamba nikisema nimekwisha. Kisha akatoa simu yake mfukoni mwa aproni, akaninyooshea.

"Mama, kule Bukavu niliona mutu anakufa sababu benye kujua balinyamaza. Piga telefone."

Nikapiga. Nesi wa hospitali alinisikiliza hadi mwisho, hakuniuliza kwa nini, akataka jina la dawa na kipimo na saa niliyodunga, kisha nikamsikia akipaza sauti kumwita daktari. Baadaye nilikuja kujua kwamba sukari ya mzee ilikuwa imeanza kushuka tena alipofika mlangoni mwao. Walimwekea maji ya sukari na wakakaa naye hadi dawa ilipoisha nguvu. Baada ya simu nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa wauguzi, nikamwambia. Kisha nikampelekea fundi wa piano sindano yake iliyochelewa, nikiwa na nesi mwingine pembeni, nikamuuliza jina na tarehe. Alijibu kwa sauti ya chini, akashangaa kwa nini mikono yangu ni ya baridi.

Nilisimamishwa kazi wiki sita. Nyinyi hamjawahi kuona nyumba safi kama yangu wiki zile. Niliosha mapazia, nikaosha tena. Nilipanda treni hadi katikati ya Dallas na kurudi bila kushuka, ili tu nisiwe mahali pamoja. Bodi ya leseni ilileta barua ya maswali na nikaijibu. Binti wa Mzee Tanaka alitaka nifukuzwe, na sikumlaumu, mimi ningetaka hivyo hivyo. Usiku na mchana vikawa kitu kimoja. Rehema alinipigia kutoka Houston. Nilitegemea anikaripie. Aliniuliza kama nimekula.

Niliporudishwa kwa muda, bodi ikiwa bado haijaamua, siku ya kwanza nilisimama kwanza mlangoni kwa Mzee Tanaka. Alikuwa kwenye kiti, amepungua, nywele zimechanwa vizuri. Nikaingia. Nikamwomba anitajie jina lake kamili na tarehe yake ya kuzaliwa. Niliyaogopa maneno yale maisha yangu yote ya kazi. Akayajibu kwa utulivu kabisa, akanyoosha mkono nisome utepe, na hakuonekana kuudhika hata chembe. Hapo nilitaka kulia kwa hasira, maana aibu niliyokuwa nikimkinga nayo haikuwa yake. Ilikuwa yangu peke yangu.

Nikamwomba msamaha. Akaukubali kwa kichwa. Kisha akaniambia niketi, nikaketi ukingoni mwa kitanda, na akanieleza kwamba kazi yake ofisini, miaka yote ile, haikuwa kutafuta nani amekosea. Mashine huharibika na watu hukosea. Kazi yake ilikuwa kupima kitu kimoja: tangu mtu alipoliona kosa hadi alipolisema, muda gani ulipita. Alisema hapo ndipo alipojua mtu wa kumwamini na mtu wa kumwondoa.

"Ulipojua," akaniuliza, "ilichukua muda gani kusema?"

Nikamtazama machoni.

"Palepale," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaridhika. Wiki hiyo aliandika barua kwa mkono wake, akamlazimisha na bintiye atie sahihi, kwamba muuguzi huyu alipogundua kosa lake alilisema palepale, na kwamba yeye anataka aendelee kuhudumiwa naye. Barua ile ndiyo iliyonirudishia kila kitu. Leseni nimestaafu nayo ikiwa safi. Binti yangu alikuja, ndiye huyo anayeniambia nikae. Mzee alihudumiwa nami mwaka mwingine mmoja na nusu, kila asubuhi nikimuuliza jina na tarehe, kila asubuhi akinijibu, na kila asubuhi nikitaka kumwambia. Kisha bintiye akampeleka Japani akazikwe kwao.

Kwa hiyo ulizeni majina, wanangu. Waulizeni wazee wenu bila haya, msiwatajie nyinyi, waacheni wayatoe wenyewe. Mtakosea hata hivyo, kila nesi hukosea. Mkishakosea, semeni.

Zilikuwa dakika kumi na tisa, tangu kompyuta hadi ile simu. Nilikuwa nimevaa saa.